Anayetuuliza Habari za Nyumba Zetu Naye ni Mfanyakazi



Kila mara jambo la nyumba za wafanyakazi linapofika mezani, mwajiri huja na karatasi. Karatasi hiyo ina hesabu: vyumba kadhaa, watu kadhaa katika kila chumba, vyoo kadhaa. Sisi huja na neno moja: "Tumebanana." Neno hilo ni la kweli, lakini mbele ya hesabu halina meno. Ndiyo sababu leo nataka kusema juu ya watu ambao hatuwafikirii sana, yaani wale wanaopita mlango kwa mlango wakiuliza nyumba ina vyumba vingapi, wanalala wangapi, maji yanatoka wapi, na mpangaji analipa shilingi ngapi.

Wengi wetu hudhani hesabu ya nyumba hutengenezwa na wataalamu ofisini. Wataalamu wana kazi yao na hatuwadharau. Lakini hesabu yenyewe huzaliwa mlangoni, kati ya watu wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Wasipoelewana lugha, kinachoandikwa ni uongo, hata kama wote wawili ni watu wakweli.

Chukueni neno moja tu: kodi. Kodi ni fedha anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Tena kodi ni fedha inayodaiwa na serikali. Hapa Uganda wazee wetu wanakumbuka vizuri ile kodi ya kichwa ya kila mwaka, iliyosimamishwa mwaka 2005. Asiyekuwa na tiketi alikamatwa njiani na kutiwa ndani. Sasa mzee aliyewahi kulala porini kwa kuikimbia kodi hiyo akiulizwa na kijana mgeni, "Mzee, unalipa kodi kiasi gani?" atajibu nini? Atasema, "Mimi sina kitu, mwanangu." Kijana anaandika sifuri. Ofisini wanasoma kwamba mzee anakaa bure, na kumbe kila mwezi mwenye nyumba anagonga mlango wake.

Chukueni neno la pili: nyumba. Mlugbara ana neno jo kwa nyumba moja, na aku kwa mji wake wote: jo ya kulala, ya kupikia, ya vijana wa kiume, pamoja na kiwanja. Ukimwuliza kwa Kiswahili, "Una nyumba ngapi?" huenda akakuambia nne, nawe ukamwandika tajiri. Kumbe wote wanakula chungu kimoja. Muulizaji anayejua lugha ya pale hahitaji kufundishwa jambo hilo. Asiyejua hata akipewa kitabu cha maelezo atakosea.

Hapa kwetu Dranya mtu huamka na Kikakwa, akaenda sokoni akanunua kwa Kilugbara au Kiaringa, akamsalimu jirani kwa Kinubi, na jioni akasimulia kwa Kilingala mambo ya ukimbizini Zaire baada ya mwaka 1979. Wenzetu waliokimbia vita vya Sudan Kusini wameongeza Kiarabu cha Juba. Tena tangu enzi za Waingereza West Nile ilifanywa ghala la vibarua. Watu wetu walikwenda Lugazi na Kakira kukata miwa, wakakutana na makabila mengine, na Kiswahili kikawa kamba iliyowafunga pamoja kazini. Laini moja ya nyumba za shamba huweza kuwa na lugha sita au saba.

Wataalamu wa lugha Ladefoged, Glick na Criper walichunguza jambo hili Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliona kwamba katika kila watu 100, watu 39 waliweza kuzungumza Luganda, 35 Kiswahili, na 21 tu Kiingereza. Waliona pia kwamba wanaume walikijua Kiswahili zaidi kuliko wanawake. Tangu wakati huo shule zimeongezeka na mambo yamebadilika, lakini fundisho lake lingali na maana kwetu. Karatasi ya maswali ya Kiingereza huzungumza na wachache. Ya Kiswahili huzungumza na wengi, lakini hasa na wanaume. Na saa nne ya asubuhi, muulizaji anapobisha hodi katika kambi ya shamba, ni nani yuko nyumbani? Ni mama. Yeye ndiye anayejua bati linavuja wapi, foleni ya maji ni ndefu kiasi gani, na watoto wanalala vichwa vikielekea wapi. Yeye ndiye anayeachwa nje ya hesabu.

Katika shamba moja nilikofanya kazi ya chama, ambalo jina lake sitalitaja, walikuja vijana wawili kuhesabu watu wa laini. Hawakujua lugha za mle ndani. Basi wakapewa nyapara awe mkalimani wao. Mama mmoja alisimama mlangoni akasema kwa Kilugbara kwa muda mrefu, akionyesha paa, akionyesha mfereji, akihesabu watoto kwa vidole. Alipokwisha, nyapara alimgeukia kijana akatafsiri: "Anasema hana shida." Mlango wa pili watu walikuwa saba, wakajibu wanne, kwa sababu sheria ya kambi ilikuwa watu wanne, na aliyekuwa akiwauliza ni nyapara yule yule anayeweza kuwafukuza. Hesabu hiyo ilipofika ofisini ilionekana safi kabisa.

Ndugu zangu, vijana wale hawakuwa adui zetu. Walikuwa vibarua. Walilipwa kwa siku, walitembea juani, na walipewa idadi ya milango ya kumaliza kabla ya jua kutua. Aliyewapa kazi hiyo bila mkalimani ndiye aliyeiharibu. Mkalimani mara nyingi huhesabiwa kuwa mtu wa kuokotwa njiani, apewe soda na asante. Lakini yeye ndiye anayebeba mzigo wote. Akipunguza neno, chumba kimepungua.

Tuangalie jirani zetu wa Nairobi. Karibu na viwanda vya mji huo kuna mtaa unaoitwa Viwandani, na wengi wa wakazi wake ni watu wa kiwandani kama sisi. Kituo cha utafiti kiitwacho APHRC kilianza mwaka 2002 kufuatilia kaya za Viwandani na Korogocho, watu zaidi ya 60,000, waulizaji wakirudi nyumba zile zile kila miezi minne hivi. Mtu akirudi mlangoni kwako mara nyingi, mwishowe mnajuana na mnasemezana.

Huko Mukuru, mtaa wa mabati ulio kando ya viwanda hivyo hivyo, wakazi wenyewe walishika kalamu. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu walichunguza nyumba, maji na umeme. Wakaonyesha kwamba maskini wa Mukuru alilipa bei kubwa zaidi kwa maji na umeme kuliko mwenye nyumba nzuri ya mtaa uliopangwa. Jambo hilo kila mkazi alilijua tumboni mwake, lakini lilipoandikwa kwa hesabu likapata masikio. Mwezi Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na kazi ikahusu kaya zipatazo 100,000.

Nisiwafiche: hesabu peke yake si ngao. Mwishoni mwa mwaka 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje, ingawa walikwisha kuhesabiwa. Basi anayeogopa muulizaji si mjinga. Ameona watu wakihesabiwa leo na kuvunjiwa kesho. Hesabu bila umoja ni karatasi tu. Umoja bila hesabu nao ni kelele tu. Tunahitaji vyote viwili.

Huko mbali New York, Marekani, jambo hili limeandikwa katika sheria. Tangu mwaka 1965 mji huo hufanya uchunguzi wa nyumba kila baada ya miaka mitatu hivi, na kazi ya kupita milangoni hufanywa na Ofisi ya Sensa ya Marekani. Kodi za nyumba nyingi za mji huo zimewekewa kikomo na sheria, lakini kikomo hicho huendelea mradi tu nyumba tupu za kupangisha ziwe chini ya 5 katika kila 100. Uchunguzi wa mwaka 2023 ulionyesha 1.41. Fikirini basi: mpangaji Mhispania, Mchina au Mbengali anapofungua mlango na kuelewana na muulizaji, anailinda kodi ya nyumba yake na ya jirani yake. Wasipoelewana, nyumba haikuandikwa sawasawa, na mamilioni ya wapangaji wanaitegemea hesabu hiyo.

Sisi tuna sababu ya kuliwahi jambo hili. Arua ilifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020. Koboko inakua. Vijana wanahama vijijini na kupanga vyumba mjini, na wanachama wa shirikisho la wakazi wa mitaa ya maskini wamekwisha kuanza kujihesabu wenyewe katika miji ya Uganda, Arua ikiwamo. Wakulima wadogo na wakazi wa mitaa wameweza. Chama cha wafanyakazi kitashindwaje?

Kwa maoni yangu, matawi yetu yadai mambo manne.

Kwanza, uchunguzi wowote wa nyumba za wafanyakazi ufanywe na watu wanaojua lugha za watu wanaokaa mle, na wawemo wanawake. Nyapara na mtu wa ofisi ya mwajiri wasikae kati ya muulizaji na mjibuji.

Pili, muulizaji na mkalimani wapewe mkataba, ujira unaojulikana na nauli, tena walipwe kwa wakati. Aliyepewa milango mingi kupita kiasi atajaza karatasi chini ya mwembe. Kumdhulumu yeye ni kutudhulumu sisi.

Tatu, maswali yasomwe kwanza mbele ya wafanyakazi wachache wa kila lugha, ili neno kama kodi au nyumba lipatiwe namna yake ya kuulizwa kabla halijaharibu kazi. Na majina ya wajibuji yasifike kwa mwajiri.

Nne, majibu yarudi. Yasomwe kwenye mkutano, kwa lugha za laini, kabla hayajafungiwa kabatini. Mtu aliyetoa habari za nyumba yake ana haki ya kusikia zimeandikwa vipi, na kusema "Hapa mmekosea."

Lakini tusingoje kuletewa. Kila tawi lina mwanachama anayejua lugha tatu au nne na kuandika vizuri. Mama muuza samaki kwenye lango la kiwanda huenda anajua tano. Hao ni hazina ya chama. Wapeni daftari, wapite laini moja jioni moja, waandike vyumba, watu, mabati mabovu na bomba za maji. Mkutano ujao wa kujadili nyumba, mwajiri akifungua karatasi yake, katibu wa tawi naye afungue yake.

Mgeni akibisha hodi mlangoni kwako na maswali ya nyumba, mwulize ametumwa na nani na majibu yatarudi lini. Akikueleza vizuri, mkaribishe, mpe kiti na maji ya kunywa. Kisha mwambie kweli yote, kwa lugha uliyonyonya nayo. Kama haijui lugha hiyo, aende amlete mwenzake anayeijua, naye alipwe.

Mwandalizi wa chama,
Dranya, Koboko