TULIHESABIWA TULIKOLALA, JE, TUENDAKO?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema watu pia ni mali, na daftari letu ni sensa. Ila daftari hilo lina ukurasa mmoja mtupu, na ukurasa huo ndio unaonifanya niokote karatasi uwanjani pamoja na wachelewaji wenzangu karibu kila wiki.

Mimi ninaishi Ruiru, katika kaunti ya Kiambu. Shule yetu, kama mjuavyo, iko upande wa Nairobi, ng'ambo ya mpaka ambao hata ukitoa macho barabarani hutauona. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi huwa nimekwisha kusimama stejini kando ya barabara ya Thika. Matatu zitokazo Thika hufika zikiwa zimejaa pomoni. Zile zenye nafasi, utingo akiona sare tu hugeuza uso. "Wanafunzi kando! Nataka wa tao!" Mwanafunzi hulipa nusu, sasa yeye abebe nusu kwa nini na mzima amesimama papo hapo? Jumanne moja muhula uliopita zilinipita saba, ya nane ndiyo ikanihurumia. Nilifika somo la kwanza likiwa limekwisha. Mwalimu wa zamu akaniuliza kwa nini sikuamka mapema. Jamani, niamke saa ngapi na jogoo mwenyewe bado amelala?

Zamani nilikuwa nikiwalaumu makanga, tena kwa hasira. Siku hizi nawalaumu nusu tu, kama nauli yetu. Tazameni hesabu. Sensa ya 2009 ilipata watu 1,623,282 katika kaunti ya Kiambu. Sensa ya 2019 ikapata 2,417,735. Hao ni karibu watu laki nane zaidi kwa miaka kumi! Wengi wamejenga au kupanga huku kwetu kwa sababu kodi ya Nairobi imewashinda, lakini kazi na shule zao zimebaki kule kule. Kukipambazuka wote wanataka barabara moja.

Sisemi sensa haina faida kwa usafiri. Hasha! Nchi nzima hugawanywa katika vijieneo vya kaya 100 hivi. Mtu anayepanga usafiri anaweza kuchukua ramani, akachora duara la mita 500 kuzunguka steji, kisha akajumlisha watu wanaolala ndani ya duara. Akiona mtaa wenye watu kama siafu ulio nje ya kila duara, hapo ndipo basi linapohitajika. Anaweza pia kujua mtaa una watoto wangapi wa umri wa shule na wazee wangapi wasioweza kutembea mbali. Hayo yote yamo katika sensa.

Shida ni kwamba duara hilo linaonyesha mwanzo wa safari tu. Nakumbuka vizuri mwaka wa 2019, nikiwa ningali shule ya msingi. Karani wa sensa alikuja kwetu na kishikwambi chake akamwuliza mama, "Mama, usiku wa Jumamosi walilala hapa watu wangapi?" Ilikuwa usiku wa tarehe 24 Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Akauliza kama tuna redio, baiskeli, hata ng'ombe (sisi wa chumba kimoja cha kupanga!). Hakuuliza mama hufanya kazi wapi wala hufikaje huko. Kwa hiyo serikali inajua kwamba hatuna ng'ombe, lakini haijui kwamba mama hushuka Ngara na mimi hushuka kabla yake.

Uingereza huuliza. Fomu yao ya sensa humtaka mfanyakazi aandike anuani ya kazini na namna anavyosafiri. Hata hivyo hawakuponea kila mahali, maana sensa yao ya Machi 2021 iliwakuta katika masharti ya Korona, watu wengi wakiwa wanafanyia kazi nyumbani. Basi hata swali zuri likiulizwa siku mbaya hupotosha.

Mwenye matatu atasema yeye hahitaji karatasi za serikali kwa kuwa utingo wake anajua abiria walipo. Kweli, anajua, pengine kuliko afisi yoyote. Lakini anawajua wenye nauli kamili. Hamjui nyanya anayetembea kwa kukosa nauli, na mimi ananijua lakini hanitaki.

Kuna jambo moja linalonipa moyo. Kati ya 2012 na 2014, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Marekani, walipanda matatu na simu mkononi, wakaandika kila kituo na kila njia. Wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, ambazo awali hazikuwa zimewahi kuchorwa pamoja. Walikuwa wanafunzi kama sisi! Ramani ya namna hiyo ikiwekwa juu ya hesabu ya sensa, pengo linaonekana wazi. Na tangu 2017 kuna mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, inayojumuisha Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kwa hiyo mtu wa kupelekewa yupo, wala mpaka si kisingizio.

Ninaomba mambo mawili. Sensa ijayo, ambayo kwa desturi ya kila miaka kumi itakuwa 2029, iulize: unakwenda wapi siku ya kawaida, na kwa njia gani? La pili ni la hapa hapa. Fomu tunayojaza kila Januari huuliza sanduku la posta na dini. Iongezwe mistari miwili: unapandia steji gani, na unaondoka nyumbani saa ngapi. Tukipata majibu ya shule nzima tutajua wangapi hutoka Ruiru, wangapi Githurai, na mwalimu mkuu ataweza kuzungumza na wenye magari akiwa na idadi mkononi badala ya malalamiko.

Mlezi wa chama chetu ameniambia nimletee mfano wa fomu hiyo Jumatatu kabla ya gwaride. Nimekwisha kuuandika. Kilichobaki ni kupata gari.