Kipimo cha figo kisisomwe kwa namba tupu

Nina dukuduku langu kuhusu vipimo vya figo tunavyopewa sisi wananchi wa kawaida.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 70, kupimwa damu kwa sababu alikuwa akivimba miguu. Siku hiyo hiyo mpwa wangu wa miaka 25, mchimbaji wa dhahabu aliyejaza misuli, naye alipimwa. Majibu yao yalikuja na namba moja: kreatinini 115. Wote wawili wakaambiwa ni ya kawaida. Tukarudi Nkome tukimshukuru Mungu.

Ndugu Mhariri, kumbe tulishukuru mapema. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, na figo ndizo zinazoichuja. Mwenye misuli mingi hutoa taka nyingi, na mzee aliyekonda hutoa kidogo. Basi mama mzee akikutwa na kiasi sawa na cha kijana wa machimbo, maana yake figo zake zinachuja pole pole.

Baadaye daktari mwingine alitufanyia hesabu kwa kanuni ya mwaka 2021, inayoangalia umri na kama mtu ni mume au mke. Mpwa wangu alipata mililita 78 kwa dakika, mama 44. Kijana mwenye afya kwa kawaida hupata 90 au zaidi, na umri ukisogea namba hushuka. Lakini ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa. Mama alipimwa tena baada ya miezi mitatu, namba haikupanda, na mkojo ulikutwa na protini. Mpwa wangu mkojo wake ulikuwa safi, na daktari alisema misuli yake ndiyo inayoshusha hesabu.

Sasa nauliza: hiyo "kawaida" ilipangwa kwa mwili wa nani? Kanuni iliyotungwa Marekani mwaka 2009 ilimwongezea kila mtu mweusi karibu asilimia 16. Kwa mama yangu nyongeza hiyo ingefanya figo zionekane nzima kuliko zilivyo. Wamarekani wenyewe waliiacha mwaka 2021. Na mwaka 2022 watafiti walitangaza matokeo ya Uganda, Malawi na Afrika Kusini. Waliwadunga watu dawa maalumu na kupima jinsi figo zinavyoitoa mwilini. Walikuta kwamba hesabu za kreatinini huzisifu figo zetu kupita kiasi, hivyo wagonjwa wengi hawahesabiwi.

Kwa hiyo natoa maoni yangu. Kwanza, karatasi ya maabara isiandike kreatinini peke yake, bali iandike pia hesabu ya uchujaji kwa umri wa mtu, bila nyongeza ya rangi. Pili, mkojo upimwe protini hata katika zahanati za vijijini, kwani kipimo hicho ni rahisi. Tatu, wataalamu wetu, kama wale wa taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyopo Mwanza, watupimie watu wazima wenye afya wa Kanda ya Ziwa: wavuvi, wakulima na wachimbaji, ili tujue kawaida yetu wenyewe. Huku kwetu kuna kichocho, na wachimbaji wadogo wanashika zebaki, ambayo hudhuru figo.

Wananchi wenzangu, msiridhike na neno "kawaida". Ulizeni: kawaida kwa mtu wa umri gani na mwili gani? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa figo ni mashine ya kusafisha damu, ambayo sisi wa vijijini tunaifuata mbali na kwa gharama kubwa.

Msomaji wako,
Nkome, Geita.