Msitufundishe Kupumua, Tupeni Siku ya Kupumzika

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye semina ya kujitunza. Tulikuwa kama ishirini hivi, sote watu wa insentivu hapa Kakuma: wakalimani, walimu, wahamasishaji wa afya, na sisi wa kituo cha vijana. Semina ilikuwa Jumamosi, siku ambayo mimi hufua nguo za nyumba nzima. Mwezeshaji, dada mpole aliyetoka Nairobi, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi, tuhesabu hadi nne. Nilipofika tatu simu yangu ikalia. Mama mmoja alitaka kujua kama kijana wake yuko kituoni. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kile kilinikaa vibaya.

Sisemi semina ni mbaya. Nasema inatibu mahali pasipouma.

Karatasi yangu inasema kituo kinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Sawa. Lakini mimi jioni siendi mbali na kazi. Narudi bloku yangu, na wale vijana ndio majirani zangu. Saa nne usiku mlango unagongwa: "Dada, amka, ile fomu ya mpira inaisha lini?" Nisipoamka, kesho nitasikia ati nakula pesa ya vijana bure. Nikiamka, mama mwenye presha naye anaamka, na wadogo zangu nao wanaamka.

Mwaka jana tulikuwa na kampeni ya kurudisha vijana shuleni. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi ili tuwapate wazazi kabla hawajatoka, na jioni kulikuwa na mikutano na ripoti. Nilitembea bloku kwa bloku na daftari langu. Nilirudisha vijana kumi na mmoja. Siku moja mwalimu akanivuta pembeni akaniuliza, "Na yule wa kwenu, bado anaumwa?"

Kumbe mdogo wangu alikuwa ameacha shule wiki tatu. Alikuwa anasukuma mizigo ya watu sokoni kwa wilbaro. Tunalala nyumba moja! Lakini nilikuwa natoka hajaamka, narudi ameshalala. Nilikuwa najua majina ya watoro wa bloku nane, wa kwangu simjui.

Nilipomweleza msimamizi wangu, akanijibu kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli. Ila methali hiyo haisemi ni nani aliyenipa zote mbili nishike.

Watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, waliandika mwaka 1985 kwamba kazi na familia hugombana kwa njia tatu: kwa muda, kwa mkazo unaotoka upande mmoja ukaingia upande wa pili, na kwa tabia inayofaa huku lakini inaharibu kule. Niliposoma nilijiona mwenyewe. Muda nimeshaueleza. Mkazo ni huu: mchana kutwa nasikiliza shida za watu, na mama akianza kunieleza zake namwambia "baadaye, mama." Na tabia? Kituoni nina subira, kila kijana ananisifu. Nyumbani nafoka kama askari.

Mwaka 2019 nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuchoka kwa namna hii hutokana na mkazo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Kazini, jamani. Si kwenye mapafu yangu.

Sasa tuongee wazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka. Kwenye karatasi niliyosaini mimi siku hizo hazimo. Ikija zamu, ripoti na lawama, tunaitwa wafanyakazi. Ikija likizo, tunaitwa watu wa kujitolea. Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mambo yamezidi. Wenzetu wamepunguzwa, kazi zao hazikupunguzwa. Kituoni tulikuwa wanne, tumebaki wawili, na vijana ni wale wale.

Najua kuna atakayesema: shukuru una kazi, wangapi wanaitafuta? Nashukuru. Insentivu hiyo ndogo ndiyo inayonunua dawa ya mama. Lakini shukrani si mkataba. Mwingine atasema wafanyakazi wa mashirika nao wameacha watoto Nairobi na Kitale. Ni kweli, na siyadharau maumivu yao. Nimewahi kumwona mmoja nyuma ya gari akimwimbia mtoto wake siku ya kuzaliwa kwa simu, machozi yanamtoka. Lakini yeye ana tarehe ya kwenda kumwona. Mimi niko na wangu kila usiku, na bado siwaoni.

Naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili mpya. Kwanza, siku moja kwa wiki isiyo na semina, mechi wala ripoti. Pili, simu moja ya zamu ya usiku, tupokezane, badala ya kila mmoja kuamshwa kila siku. Tatu, siku ya rasheni na siku ya kliniki ya familia zihesabiwe kama ruhusa, si utoro. Kidole cha kuweka kwenye mashine hakiazimwi kwa jirani. Nne, mkimpunguza mtu, mtuambie ni kazi gani inaondoka pamoja naye.

Na nyinyi majirani, mama zangu na baba zangu, hili ni letu pia. Kijana akiwa hatarini, gongeni, nitatoka. Lakini fomu ya mpira inaweza kungoja asubuhi.

Mdogo wangu amerudi shule. Hakurudishwa na kampeni. Nilikaa nyumbani siku mbili bila ruhusa. Siku ya kwanza hakutaka kusema kitu. Siku ya pili aliniambia alitaka kumnunulia mama dawa, kwa sababu aliniona nimechoka. Siku zile mbili zilikatwa kwenye insentivu yangu, nikasaini, nikanyamaza. Leo sinyamazi: mwaka ule wote, sikuwahi kufanya kazi ya vijana vizuri kama siku hizo mbili.