Projekta za HD Katwe: Kiwanda chashusha bei, dola na meli zapandisha

Wafanyabiashara wanaopeleka projekta za HD Katwe, jijini Kampala, hukabiliwa na swali moja kila wanapoagiza mzigo: je, bei itakuwa ipi siku utakapofika? Miongoni mwa wanunuzi ni wenye vibanda vya video, maarufu kama bibanda, ambako filamu hutafsiriwa kwa Kiganda na mpira wa Ulaya huoneshwa jioni. Kwao tofauti ya bei ndiyo faida ya miezi kadhaa.

Kwa upande wa kiwanda, mwelekeo unajulikana. Mwaka 2004 Sony iliuza Qualia 004, mojawapo ya projekta za kwanza za nyumbani za 1080p, kwa dola 30,000. Mwaka 2006 kampuni hiyo hiyo ilileta VPL-VW50 kwa dola 5,000 hivi, na mwaka 2009 Optoma ikatoa HD20 kwa chini ya dola 1,000. Aliyelundika mzigo ghalani miaka hiyo alikula hasara.

Hata hivyo, mteja wa Katwe halipi kwa dola. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,800 za Uganda. Mwaka 2015 ilivuka 3,500. Kwa hiyo mashine ambayo bei yake kwa dola haikubadilika ilikaribia kupanda maradufu kwa shilingi.

Njia nayo ina gharama zake. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza mwaka 2014, kodi za mzigo wa Uganda hulipwa kabla haujaondoka Mombasa kuelekea Malaba au Busia. Thamani inayotozwa kodi hujumuisha bima na nauli ya meli. Nauli ilipopanda mwaka 2021, na tena meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kodi nayo ilipanda. Mashine iliyofika bandarini kwa dola 100, ikitozwa ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, inakuwa dola 147.50 kabla ya tozo nyingine na nauli ya lori. Projekta zilizoundwa kwa ajili ya kompyuta zina fungu lake la ushuru, hivyo wakala wa forodha aulizwe mapema.

Je, bei inaelekea wapi? Projekta ndogo za bei nafuu kutoka China hazina tena nafasi kubwa ya kushuka. Nyingi huandikwa 1080p kwenye boksi, kumbe zinapokea tu picha hiyo na paneli yake ni ya chini. Zile zenye paneli halisi ya 1080p ndizo zinazotarajiwa kuendelea kushuka taratibu, kwani 4K na televisheni kubwa zinazibana.

Kombe la Afrika la 2027, ambalo CAF mwaka 2023 iliwapa Kenya, Tanzania na Uganda, linaweza kuinua mahitaji kwa muda. Lakini mashindano yakiisha, mashine zilizotumika hurudi sokoni.

Kwa mfanyabiashara, usalama uko katika kuagiza mzigo mdogo mara nyingi, kukagua paneli kabla ya kulipa, na kuuza mapema. Projekta si sukari. Ikikaa ghalani, hungoja toleo jipya liishushe thamani.