Wosia haumsaidii aliye hai



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo viongozi na wanasheria wetu wanalipita pembeni. Kila mara wananchi tunahimizwa kuandika wosia. Wito huo ni mzuri nami nauunga mkono. Lakini wosia husubiri mtu afe. Je, yule aliyepigwa na kiharusi, hajafa lakini hasemi, hasaini wala hatambui watu, mambo yake yanaamuliwa na nani?

Hapa kwetu Mlali (nasema Mlali ya Mvomero, si ile ya Kongwa) jirani yangu mmoja, mkulima wa nyanya, alianguka shambani. Fedha za mavuno zilikuwa benki kwa jina lake peke yake. Mkewe alipokwenda mjini kuomba za matibabu, aliambiwa alete barua ya mahakama ya kusimamia mirathi. Mirathi ya nani, na mwenyewe yu hai kitandani? Mama yule alirudi akauza mbuzi.

Huko hospitali nako ndugu wakagawanyika. Mke na watoto walitaka matibabu yaendelee, ukoo wa mume ukataka arudishwe nyumbani. Wasomaji wasioijua Uluguru waelewe kwamba kwa mila ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Watoto wa mtu si wa ukoo wake, na ardhi ya ukoo ina mjomba wa kuisemea. Mke hapo ni mgeni. Simlaumu mjomba, mila ilimpa kazi hiyo kabla hazijakuwapo benki na vyumba vya upasuaji.

Wengi hudhani dawa ni hati ya uwakilishi, ile wanayoandikiana watu kwa wakili ili mmoja amwuzie mwenzake kiwanja. Sivyo. Kwa Sheria yetu ya Mikataba, uwakala hukoma pale aliyeutoa anapopotewa na akili. Yaani karatasi inakufa siku ile ile inapohitajiwa!

Njia iliyobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali za mtu ambaye akili yake haimwezeshi kuzisimamia. Ni kinga dhidi ya wajanja, sikatai. Lakini kwa mama wa Mlali maana yake ni nauli, ushahidi wa daktari na kesi kuahirishwa, huku nyanya zinaoza. Tena msimamizi huyo hakuchaguliwa na mgonjwa mwenyewe.

Uingereza waliliona tatizo hili. Mwaka 1985 walitunga sheria ya hati inayobaki na nguvu hata mwenyewe akipoteza uwezo, na sheria yao ya 2005 ikaongeza maamuzi ya matibabu. Sisi tumeng'ang'ania kanuni ile ile tuliyoachiwa na wakoloni.

Wapo watakaosema hati kama hiyo itawapa watoto walafi nafasi ya kuwanyang'anya wazazi wao. Hofu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana napendekeza iandikishwe, kwa mfano RITA ambao tayari hutunza wosia, iwe na mashahidi wasio warithi, na aliyepewa madaraka atoe hesabu. Naiomba Tume ya Kurekebisha Sheria ilitazame suala hili.

Kwa sasa nawashauri wakulima wenzangu hati za hakimiliki ya kimila ziandikwe majina ya mume na mke, na sehemu ya fedha za mavuno ikae kwa jina la mama. Tena mtu aite mkewe, watoto wakubwa na mjomba, aseme mbele yao nani asikilizwe na daktari, iandikwe na wote wasaini. Karatasi hiyo haitamfunga hakimu, lakini ndugu watakosa la kubishania.

Nao wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wanapofika vijijini wasiishie kwenye mirathi na mipaka ya mashamba. Chuo Kikuu cha Mzumbe ni jirani zetu na kina wanafunzi wa sheria tele. Waje hata mara moja kwa mwezi hapa Mlali, tutawapisha kwenye kivuli cha soko.

Mkulima,
Mlali, Morogoro.