Usimwambie mgonjwa 'wacha mawazo'

Mama mmoja alifika katika kliniki yangu mara tatu kwa muda wa miezi miwili. Kwanza alilalamikia kichwa, kisha kiungulia, na mara ya tatu moyo kudunda na kukosa usingizi. Nilimpima presha na damu, nikamwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Alipokuwa akitoka mara ya tatu alisimama mlangoni akasema, "Daktari, labda ni mawazo tu." Nami nikamjibu kama watu wengi wanavyojibu: "Basi mama, wacha mawazo."

Nakiri kwamba jibu hilo lilikuwa la kipuuzi. Ni sawa na kumwambia mgonjwa wa malaria aache homa.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kuutambua ugonjwa huu. Kwetu "mawazo" ni fikira, na tena ni dhiki. Huko Philadelphia, Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck alifikia jambo lilo hilo katika miaka ya 1960. Alikuwa amefunzwa kwamba huzuni kuu hutokana na hasira ambayo mgonjwa ameielekeza kwake mwenyewe. Lakini alipowasikiliza wagonjwa wake, alisikia maneno mafupi yanayopita kichwani upesi bila kualikwa: "Mimi sifai." "Sitafaulu kamwe." Mgonjwa huyaamini bila kuyahoji.

Chukua mfano huu, msomaji. Mkubwa wako kazini anapita asubuhi bila kukusalimu. Wazo linakujia: "Nitafutwa kazi." Moyo unadunda, chakula hakishuki, usiku hulali. Kesho yake unakosea kazini kwa sababu ya uchovu, na wazo lako linaonekana kuwa la kweli.

Tiba ya Beck haikuambii ujidanganye kwamba mkubwa anakupenda. Inakuuliza maswali kama ya wakili mahakamani. Una ushahidi gani? Je, kuna sababu nyingine? Rafiki yako angekuwa na wazo kama hilo, ungemwambia nini? Kisha unapewa kazi ya nyumbani: kuandika daftarini lililotokea, ulilowaza na ulivyohisi, na kulijaribu wazo lako uone kama ni kweli.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni tiba ya matajiri. Sivyo. Huko Pakistan, katika vijiji vya Rawalpindi, wahudumu wa afya wa kawaida walifunzwa njia hii ili kuwasaidia akina mama wajawazito wenye huzuni kuu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Miezi 6 baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotibiwa hivyo walikuwa bado wagonjwa, ilhali miongoni mwa waliotembelewa kwa njia ya kawaida walikuwa asilimia 53.

Wengine watasema mawazo hayalipi kodi ya nyumba. Hiyo ni kweli. Aliyefungiwa mlango kwa kufuli na mwenye nyumba ana shida ya pesa. Lakini akijiambia, "Mimi si mwanamume kamili," hiyo ni shida ya pili, nayo ndiyo inayomzuia kwenda kuzungumza na mwenye nyumba huyo.

Tangu mwaka wa 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Kwa maoni yangu, wafundishwe pia kuuliza kuhusu mawazo. Nasi madaktari tuanze kwa kuuliza kabla ya kuandika dawa.

Jambo moja la tahadhari. Anayefikiria kujiua, au anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, apelekwe hospitalini siku iyo hiyo. Na aliyepewa dawa na daktari asiziache kwa sababu amesoma makala haya.

Mama yule alirudi mara ya nne. Safari hii nilivuta kiti nikamwuliza, "Mama, ni wazo gani hasa linalokujia usiku?" Alilia kidogo, kisha akaeleza kwa karibu nusu saa. Msomaji, jamaa yako akikuambia ana mawazo, muulize swali hilo hilo. Kisha nyamaza umsikilize.