Kesi ya Ngedere Isipelekwe kwa Nyani

Mwaka 2008, katika mji wa Poole ulio pwani ya kusini ya Uingereza, walikuwako baba, mama na watoto wao watatu ambao hawakujua kwamba watokapo nyumbani kuna mtu awatazamaye na kuandika. Mtu huyo hakuwa askari wa polisi. Alikuwa ofisa wa halmashauri ya mji.

Je, jamaa hao walidhaniwa kuwa wanyang'anyi? La, hasha. Halmashauri ilishuku kwamba wazazi wamedanganya mahali wakaapo, ili mtoto wao apate nafasi katika shule inayopokea watoto wa mtaa ule. Kwa muda wa wiki tatu hivi walifuatwa kwa siri. Mwishowe ikadhihirika kwamba walikuwa wakikaa pale pale waliposema.

Ndugu msomaji, jambo hili halikufanywa nje ya macho ya sheria. Mwaka 2000 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuuwekea upelelezi mipaka, na halmashauri zikawa miongoni mwa waliopewa ruhusa ya kupeleleza kwa siri. Lakini ruhusa hiyo ilitolewa na nani? Na ofisa mkubwa wa halmashauri ile ile! Aliyeomba na aliyekubali walikula mshahara kutoka mfuko mmoja. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Hatusemi kwamba halmashauri zifumbwe macho. Mfanyabiashara auzaye sigara kwa watoto hawauzii mbele ya mkaguzi aliyevaa sare. Wenye malori wamwagao taka za sumu usiku hawazimwagi katika mitaa ya matajiri. Huzimwaga karibu na nyumba za wafanyakazi. Mali ya umma ikiibwa, mwenye kupunjwa ni mnyonge. Kwa hiyo twakubali kwamba ziko siku ambapo kupeleleza kwa siri ni haki. Tunachokataa ni mamlaka yanayojipima kwa kipimo chake yenyewe.

Jamaa wa Poole walipeleka malalamiko yao mbele ya baraza la sheria lililowekwa kwa mashauri ya namna hiyo, na mwaka 2010 likaamua kwamba upelelezi ule ulikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 2012 Bunge likatengeneza sheria nyingine. Tangu mwezi Novemba mwaka ule, halmashauri za England na Wales haziwezi kumpeleleza mtu kwa siri mpaka hakimu akubali. Tena, kosa linaloshukiwa lazima liwe lile ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miezi 6 au zaidi, isipokuwa kuwauzia watoto pombe au tumbaku. Juu ya hayo yuko Kamishna, ambaye wakaguzi wake huzikagua halmashauri, na madiwani wametakiwa kuangalia kila mwaka jinsi mamlaka hayo yanavyotumika.

Hayo ni mema, nasi twayasifu. Lakini halijakamilika. Hakimu husikiliza maombi faraghani, na mwenye kupelelezwa hayupo kujitetea. Hilo haliepukiki, kwani siri ikitolewa mapema kazi imeharibika. Lakini kazi ikiisha, na mtu akaonekana hana hatia, sheria ya Uingereza bado hailazimishi aambiwe. Jamaa wa Poole waliweza kushtaki kwa sababu halmashauri yenyewe iliwaambia. Je, asiyeambiwa atashtaki nini? Mlango wa baraza uko wazi, lakini mwenye kudhulumiwa hajui kwamba ana safari ya kwenda huko.

Basi rai yetu ni hii. Shauri likifungwa bila mashtaka, aliyefuatwa apelekewe barua, aelezwe alipelelezwa lini na kwa sababu gani, isipokuwa hakimu aone hatari ya kweli katika kumwambia. Ofisa ajuaye kwamba ipo siku ataandika barua ile atafikiri mara mbili kabla ya kuomba ruhusa. Na diwani atakapoletewa hesabu ya mwaka, asiulize idadi ya ruhusa tu. Aulize ni wangapi walioonekana hawana hatia.

Wazee wetu waliopata kufuatwa na makachero wa serikali ya kikoloni hawahitaji kufundishwa uchungu wa jambo hili. Walijua kwamba mtu atazamwaye kwa siri hupokonywa kitu hata kama hakufungwa. Halmashauri ni mtumishi wa mwananchi. Mtumishi akilazimika kuchungulia katika dirisha la bwana wake, na aombe ruhusa kwa mtu mwingine. Na akikuta hakuna kosa, abishe hodi, aseme alichofanya, na aombe radhi.